Fundo la Nyasi Juu ya Boksi

Saa mbili asubuhi, mjini Kasulu, Nestori Ndayikunda anabisha hodi kwa mara ya nne kwenye mlango wa ghorofa ya tatu. Kimya. Mwingine angeliacha boksi mlangoni, akapiga picha, akashuka zake. Nestori anakaa kwenye ngazi, boksi mapajani, anasubiri.

"Nestori Hodi! Bado upo tu?" anamtania mpangaji anayeshuka kwenda kazini.

Anacheka kidogo, kisha anainamisha macho. Jina hilo limeshamganda, na anajua fika alivyolipata.

Nestori, 34, mzaliwa wa Heru Juu, ni dereva wa bodaboda. Anapokea mizigo inayoshushwa na mabasi yanayopitia Kibondo, anaisambaza mjini. Zamani alimaliza mizigo ishirini kabla ya adhuhuri, kwa sababu hakuwa na habari ya kusubiri mtu. Akikuta mlango umefungwa, anaweka mzigo chini, anang'oa nyasi, anazipiga fundo na kuziweka juu yake. Kazi imekwisha.

"Kwa bibi yangu ilikuwa hivyo," anasema. "Ukichoka na kuni njiani, unaziwekea fundo la nyasi, unakwenda zako. Hata zikilala siku mbili, utazikuta. Maana yake zina mwenyewe."

Lakini jengo hili limejaa watumishi wa mikoa mingine, walimu na wauguzi. Nani alishawahi kuwasimulia habari za bibi yake?

Machi mwaka huu aliacha boksi chini ya ngazi, na fundo lake juu, akaondoka anapiga mluzi. Jioni wapangaji wakaziona zile nyasi. Mmoja akasema ni uchawi. Basi! Hakuna hata aliyethubutu kusogea asome jina. Wakalisukuma kwa ufagio mpaka shimo la taka, wakalimwagia mafuta ya taa, wakaliwasha.

Ndani mlikuwa na viatu vya tiba, viwili vilivyounganishwa kwa chuma, vya Bhoke, binti wa nesi Ghati. Bhoke alizaliwa nyayo zimepinda. Plasta ngumu za hospitali zilikuwa zimeshazinyoosha, ila viatu vya mwanzo vilishambana, na bila vipya nyayo zingerudi kulekule.

"Kesho yake nesi alinipeleka shimoni," anasema Nestori, anasugua viganja. "Kile chuma hakikuungua. Nilikiokota kwenye majivu kwa mkono wangu. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke."

Ghati hakumgombeza, na hilo ndilo linalomuuma hadi leo. "Angenitukana ningepata nafuu," anasema.

Viatu vingine vimechukua wiki saba kufika. Ndivyo hivi alivyovipakata.

Saa nne Ghati anapanda ngazi, Bhoke mgongoni. Nestori anasimama haraka.

"Mwakeye, nesi," anamwamkia kwa Kiha, kwa sauti ndogo, na kumkabidhi boksi kwa mikono miwili.

"Asante, kaka Nestori." Ghati analitazama boksi bila kulifungua. "Ila kwa sasa haviwezi kumwingia. Tumetoka kwa daktari. Mguu wa kushoto umerudi kupinda. Tunaanza plasta upya, kila Jumanne."

Nestori anavua kofia, anaikunjakunja mkononi. Machozi yanamlenga, naye hayafichi.

"Jumanne saa ngapi?" anauliza.

"Saa mbili."

"Saa moja na nusu nitakuwa hapa mlangoni. Kila Jumanne. Nauli usiitaje, dada yangu."

Ghati anafungua mlango. "Usichelewe," anamwambia, anaingia ndani.

Chini, Nestori anapangusa kiti cha pikipiki ambacho wala hakina vumbi. Siku hizi anafikisha mizigo kumi na miwili tu. Hajali. Anachokiomba, anasema, ni kimoja.

"Siku moja nibishe hodi pale juu, nisikie miguu midogo inakuja mbio kunifungulia."