Kwenu Mnaliitaje?

Muuza mboga wa kona ya pili sokoni hakupimii biringanya kabla hajakuuliza, "Kwenu mnaliitaje?" Ukimjibu, huliviringisha jina mdomoni kama mtu anayeonja chumvi, huku vidole vyake vyenye udongo vikilifuta biringanya. Atakwambia jina letu tulilipata kwa Wareno, Wareno kwa Waarabu, Waarabu kwa Waajemi. "Jina limetembea kuliko mimi na wewe!" Haandiki kitu, yote yamo kichwani, pamoja na sauti za waliomfundisha. Ukisema hujui, atakufukuza kwa kicheko: "Kamuulize mama yako, biringanya halikimbii."

Juzi akaja binti wa mteja wake wa siku nyingi, mama aliyehamia kutoka nchi nyingine, mwenye kikohozi, ambaye hakuwafundisha wanawe lugha yake. "Ulinituma nikamuulize mama," binti alisema. "Sikumuwahi. Tumemzika Jumamosi."

Muuza mboga akaweka mizani chini. Akalitamka taratibu jina la biringanya alilofundishwa na mama huyo, akalivuta mwishoni, akalikatiza kwa kikohozi kidogo, vilevile kama marehemu.

Binti akashika ukingo wa meza. "Rudia, shangazi."

Akarudia mara tatu. Kisha akamwekea biringanya kiganjani. "Sasa sema wewe, mwanangu. Mimi nimezeeka, nisibaki nalo peke yangu."