Jiwe Jeusi Kando ya Mlango

Wiki iliyopita, huku Nyambureti, nilipanda kilimani kuokota kuni na bibi jirani yangu, mwanangu mgongoni. Juu tulimkuta kijana mtaalamu wa miamba akiinua nyundo kupiga jiwe jeusi.

"Acha hilo, baba!" bibi akapaza sauti. "Hilo ni langu."

Kijana akashusha nyundo, akamwamkia shikamoo. Akaeleza kwamba alitaka kipande tu. Mawe yale, alisema, yalitoka chini ya ardhi yakichemka kama uji, kabla hajazaliwa mtu yeyote.

"Na wewe uliuonja?" bibi akauliza. Tukacheka.

Kisha bibi akatuonyesha duara la mawe ndani ya nyasi. Zamani watu walikaa huku juu ili wawaone wezi wa ng'ombe wakija, mpaka serikali ilipowahamishia bondeni. Hapo ndipo palikuwa nyumbani kwake. Jiwe lile alilibeba mwenyewe, akaliweka kando ya mlango, juu ya kaburi la mtoto wake wa kwanza.

Kijana akavua kofia, akachuchumaa, akalipangusa jiwe kwa kiganja.

"Alikuwa mkubwa, bibi?"

"Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe," bibi akajibu, akimtazama mwanangu.

"Kilima chote ni mwamba huu huu," kijana akasema. "Nitapata kipande kwingine." Akaenda upande wa pili, mbali, na huko ndiko tulikosikia nyundo ikigonga.

Wataalamu wataendelea kuja kwenye vilima vyetu, na nyundo zao hatutawanyang'anya. Naomba tu wakiambiwa jiwe lina mwenyewe, washushe nyundo na kuuliza kama yule.