Kiwanjani Hakuna Yaya

Naikumbuka vizuri, mwanangu, ile Jumamosi ya fainali ya mpira wa kikapu ya shule zetu hapa Likasi, kwa sababu mimi, mfungaji bora wa timu, niliitazama nikiwa benchi.

Shida ilikuwa mdogo wangu, Ilunga. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, ila nyumbani kwetu Panda tulilelewa hivi: yaya, yaani mkubwa wako, ndiye anayeanza kunawa, kula na kusema. Basi hata akiwa peke yake chini ya kikapu, Ilunga alinitafuta kwa macho na kunipa mpira. Wapinzani walishagundua. Wakawa wananisubiri tu.

Kochi akaniketisha kabla mchezo haujaanza. Baba, aliyekuja moja kwa moja kutoka kiwandani, akamfuata.

"Kochi, mukubwa anaikala, mudogo anacheza? Ile ni heshima gani?"

"Papa, ku nyumba ni yaya yake. Huku ku terrain, ku kiwanja, yaya ni ule mwenye hana muntu mbele yake."

Baba akaenda kuketi na watazamaji. Mimi nilinuna kweli kweli.

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Ilunga akapata mpira, hana mtu mbele yake, na bado akageuza uso kunitafuta benchi. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Akakosa wa kumwangalia. Akarusha, ukaingia.

Wenzake walimrukia, lakini alichomoka akaja kwangu.

"Yaya, unisamehe."

Nilimkumbatia, nikalia mbele ya shule nzima.

Baadaye nami nikawa kochi, na nimezeekea kiwanjani. Kila mwaka nawaambia watoto wapya waliache neno "yaya" nje ya mstari, walichukue wakitoka.

Sasa Jumatatu unapokea firimbi yangu. Umekuwa msaidizi mwema, ila kila ukitaka kubadilisha mchezaji, unanigeukia kwanza. Ni adabu, nakushukuru. Lakini mkubwa wako mheshimu mezani na barabarani. Kazi ikiwa mikononi mwako, ifanye bila kuomba ruhusa ya macho yake. Nawe ukiwa mkubwa, ujue lini uiname.

Mungu akupe macho mazuri na sauti isiyochoka, na watoto wako warudi nyumbani wazima. Mechi zako nitakuja, nitaketi nyuma kabisa. Ukigeuka kunitafuta, utanikuta nafunga kamba za viatu.