Tulivyobadilisha bushi ya mkokoteni wa shemeji mpaka ukanyamaza, na geti likabaki limefungwa

Wakuu, nawasalimu kutoka Section 58, Nakuru.

Juzi kijana mmoja humu aliandika kwamba alijichongea spea ya mashine ya kukata nyasi, ikavunjika siku ya kwanza, akaitupa na kukata tamaa. Nikasema huyu lazima nimsimulie yangu. Niliyaona kwa macho yangu na sitatia chumvi. Vidole vyangu ni vizito kwenye simu, mnivumilie.

Ilikuwa miaka ya hamsini, siku za Hali ya Hatari. Nilikuwa kijana, fundi kwenye karakana moja hapa mjini, nikiishi na baba kwenye landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi. Dada yangu Rosa alikuwa ameolewa kule juu Kuresoi na Arap Rono, mtu mpole mwenye maksai na mkokoteni mmoja. Kazi yake ilikuwa kuteremsha viazi hadi stesheni ya Molo.

Mkokoteni wenyewe ulikuwa na magurudumu ya mbao, na ulilia. Si mlio wa kawaida. Ulilia kama nguruwe anayeburutwa. Mlima mzima ulijua Arap Rono amefika wapi.

Msimu mmoja wa mvua Rosa alishikwa na uchungu. Wakampakia kwenye mkokoteni wampeleke hospitali Molo. Kwenye mteremko wa mto gurudumu likachomoka.

Walikaa matopeni muda mrefu. Mtoto hakuishi.

Baadaye Rosa akapata mimba nyingine. Mtauliza, kwa nini asiletwe Nakuru mapema? Landi ilikuwa chumba kimoja, na askari alikuwa akikagua wageni. Njia ilibaki ile ile, na mkokoteni ule ule.

Kuanzia hapo sikutulia. Niko kazini, macho yako dirishani yakitazama mawingu upande wa Mau. Nakula, nawaza gurudumu. Kila Jumamosi mchana nikitoka kazini nilipanda treni hadi Molo, kisha nikapanda mlima kwa miguu.

Kwanza nikachunguza tatizo. Ekseli ilikuwa ya chuma na ilipita ndani ya tundu la gurudumu, mbao tupu. Tundu lilikuwa limelika hadi likawa kama yai. Gurudumu likayumba, likapiga pini ya kulizuia, pini ikakatika. Kilichohitajika ni bushi, yaani mkebe mgumu unaokaa ndani ya tundu, ekseli ipite humo.

Nikakata bushi ya kwanza kutoka bomba la chuma. Nilijivuna nayo sana. Baada ya safari chache za viazi, chuma kilikuwa kimekula chuma, na kelele ikazidi.

Arap Rono akaniambia, "Shemeji, zamani nilisikika Kuresoi. Sasa wananisikia mpaka Olenguruone."

Hapa niseme tabia yangu moja. Kitu kikinivunjikia, sikitupi. Nakipasua nione kilianza kufa wapi. Ile bushi niliikata katikati, nikakuta mchanga wa mtoni umejaa ndani. Kwa hiyo adui walikuwa wawili, msuguano na matope.

Bushi ya pili nikaichonga kwa mutamaiyo, ule mti mgumu wa kule juu. Ilikaa kimya. Nikafurahi. Jua la wiki mbili likaikausha, ikapasuka kwa urefu kama kuni.

Tumbo la Rosa lilikuwa limeanza kuonekana.

Aliyetoa wazo lililofuata ni mama yake Arap Rono, ambaye wote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Alinitazama nikigeuza ule mti uliopasuka mikononi, akasema, "Mnaukausha halafu mnashangaa? Uchemsheni kwenye mafuta ya kondoo. Ngozi tunailainisha hivyo hivyo."

Tukachinja kondoo mnono. Nikachonga bushi ya tatu vipande vifupi vifupi badala ya kimoja kirefu, ili ufa ukianza usifike mbali. Nikavitumbukiza kwenye mafuta yanayochemka mpaka vikaacha kutoa mapovu. Mbele yake nikaweka duara la ngozi kuzuia matope.

Wakuu, ile ilikuwa bushi. Nilizungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Nikarudi Nakuru nikipiga mluzi.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta Arap Rono ameketi juu ya jiwe, anacheka na machozi yanamtoka.

"Shemeji, njoo uone."

Usiku aliacha gurudumu limechomolewa, na mbwa wake walikuwa wameila bushi. Duara la ngozi lilikuwa limeisha kabisa, na vipande vilikuwa vimetafunwa kama mifupa ya supu. Hata mbwa wa jirani walialikwa.

"Fundi wa Nakuru," Rosa akasema mlangoni, mkono kiunoni, "umempikia mbwa karamu. Na mimi nitaenda hospitali na nini, na sufuria?"

Alicheka, lakini mkono mwingine ulikuwa kwenye tumbo. Nikaona hacheki kweli. Usiku ule sikupata usingizi.

Wiki yote nikawa nauliza watu kuhusu mafuta. Mafuta ya gari niliyojaribu karakana yalikuwa mepesi, yalichuruzika. Sokoni mama mmoja aliyekuwa akiuza mafuta ya mbarika akaniambia, "Haya hata mbwa mwenye njaa atanusa aende zake." Ni mazito, machungu, na yanashika. Nikabeba chupa.

Bushi ya nne ikawa hiyo: mutamaiyo, vipande vifupi, mbarika, na duara la ngozi lililolowekwa humo humo. Mbwa walikuja, wakanusa, wakapiga chafya. Tukasubiri. Viazi vikashuka Molo wiki baada ya wiki. Nikaichomoa, nikapasua kipande kimoja. Ndani safi, hakuna ufa wala mchanga.

Mkokoteni ulikuwa umenyamaza kabisa. Zilisikika kwato za maksai tu.

Mvua zikaanza. Nikaomba ruhusa kazini nikapanda juu, maana kukaa karakana kulikuwa kumenishinda. Uchungu ukamshika Rosa mchana, mvua ikinyesha. Tukamlaza juu ya nyasi kavu na turubai, Kogo akakaa kando yake.

Kwenye mteremko wa mto nilitembea nimeinama, uso karibu na gurudumu. Halikuyumba. Tukavuka. Arap Rono alinigusa bega.

Tukafika kwenye geti.

Barabara ilipita kwenye shamba la mzungu, na siku zile geti lilifungwa kwa kufuli kubwa. Mlinzi alikuwa Mzee Wafula, na kibanda chake kilikuwa juu ya kilima, mbali kidogo, karibu na mazizi. Miaka yote tulikuta geti liko wazi tukifika. Hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

Siku hiyo lilikuwa limefungwa.

Tukaita. Upepo ukarudisha sauti zetu midomoni. Arap Rono akapiga geti kwa fimbo. Kimya.

Ndipo ikanijia. Asubuhi za viazi geti liliachwa wazi kwa mikokoteni yote, lakini saa nyingine Wafula alikuwa akifungua kwa kusikia ule mlio. Ukianza kulia mtoni, anachukua ufunguo na kushuka. Mimi nilikuwa nimeuua.

Nikaruka geti nikakimbia kilima. Nikamkuta anaota moto, anachoma mahindi.

"Mzee, funguo! Rosa yuko getini!"

"Rosa gani? Gari lenu sijalisikia."

"Halilii tena!"

"Nani aliwaambia mlinyamazishe?" Akawa ameshasimama, anakimbia mbele yangu na gunzi mkononi. "Gari hilo mimi nililisikia hata nikiwa kanisani!"

Tulipokaribia geti nikasikia kilio. Chembamba, cha hasira. Si cha mkokoteni.

Kogo alikuwa amempokea mtoto pale pale juu ya nyasi, chini ya turubai. Msichana. Arap Rono ameshika maksai kwa nguvu kana kwamba wao ndio wanaotaka kukimbia. Rosa akanitazama.

"Gurudumu?" akauliza.

"Liko."

"Basi twende." Akafumba macho.

Wafula akafungua. Tulifika Molo bila kusimama, na hospitali wakasema mama na mtoto wako sawa. Wakamwita Chepchirchir, aliyezaliwa kwa haraka.

Jumapili iliyofuata nikapanda tena. Nikafunga kengele ya ng'ombe chini ya mkokoteni. Wafula mwenyewe ndiye aliyeichagua, baada ya kukataa mbili za kwanza. "Hiyo hata mbuzi hasikii," alisema.

Nilichojifunza, kijana wa mashine ya nyasi, ni kwamba spea iliyovunjika usiitupe, ipasue ikuonyeshe ilipoanzia. Na kabla ya kuondoa kasoro yoyote, tembea njia yote uulize nani alikuwa anaitegemea.

Chepchirchir sasa ni nyanya mwenye wajukuu. Akija kunitembelea hapigi hodi, anasimama getini anagonga kufuli kwa ufunguo wake mpaka nitoke.

Haya, na nyinyi leteni zenu. Nani amewahi kutengeneza kitu kikawa kizuri mno, halafu kikamletea shida? Nasoma zote, polepole.