Mistari Mitano ya Padri Mkuu

Siku ya kwanza kazini nilisema uongo, na uongo huo ukanilisha miaka mitatu. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika misheni moja ya Mpimbwe, nami nimeajiriwa kufundisha kwaya. Padri Mkuu, Mzungu mrefu asiyejua kucheka, aliniuliza, "Mwalimu, unasoma nota?"

"Bila shida, Padri."

Kusema kweli nilijua sol-fa tu. Ninyi vijana mtauliza tofauti yake. Sol-fa ni herufi, d, r, m, na kadhalika, na nukta mbili za kutenganisha mapigo. Do unaiweka popote koo za waimbaji zinapofika. Nota za Padri zilikuwa mistari mitano yenye vichwa vyeusi kama mchele ulioingia fukusi, na kila kichwa kina mahali pake, hakihamishiki.

Nikabuni mbinu. Ukija wimbo mpya, namwambia, "Padri, upige kwanza, nisikie kama kinanda ni kizima." Yeye anakanyaga kinanda, kile cha kusukuma upepo kwa miguu, mimi nyuma yake nimekunja uso, naandika herufi daftarini. Jioni nawafundisha wakulima wangu wa mpunga, na wanaimba vizuri tu.

Kisha panya wakatafuna mifuko ya upepo ya kinanda, kikawa bubu, na Askofu anakuja baada ya wiki mbili. Padri akanipa karatasi ya wimbo mpya. "Fundisha."

Nikaikodolea macho mbele ya kwaya mpaka Mama Anastazia, kiongozi wa sauti ya pili, akauliza, "Mwalimu, leo tunaimba au tunaangalia picha?"

Walicheka. Mimi nikaikunja karatasi. Kazi ikiota mbawa, wanangu wanne watakula nini? Kesho yake nikaenda kuungama, nimesimama wima.

"Padri, mistari mitano siijui. Nilikuwa nakuibia kwa masikio."

Akakaa kitini polepole. "Na daftarini ulikuwa unaandika nini?"

"Sol-fa, Padri."

"Miaka mitatu naamka alfajiri kufanya mazoezi! Nilidhani unaandika makosa yangu umpelekee Askofu."

Ndipo nilipomwona akicheka. Akaniimbia wimbo ule kwa sauti yake ya kukwaruza, nami nikauandika. Baada ya Askofu kuondoka, alinifundisha mistari mitano, kichwa kimoja kimoja.

Nimestaafu nikisoma zote mbili. Lakini siku hizi nikiulizwa nisilolijua, nasema upesi, sijui. Tuliogopana bure miaka mitatu, watu wazima wawili, chumba kimoja.