Siku Saba za Mwanapili

Hamad wa Mgogoni alimfedhehesha mkewe mbele ya wanaume, kwa karatasi aliyoiandika mwenyewe.

Mwanapili hakujua kusoma. Msimu wa karafuu ulimchosha akawa anasahau, basi akamwomba mumewe amwandikie shughuli zake na kumsomea kila asubuhi: kumaliza mkeka wa harusi ya Moza, kumzuru shangazi yake kule Wesha, kulipa siku saba za Ramadhani. Siku hizo mwanamke humwambia mumewe tu, kwani kila mtu anajua kuwa ni hedhi iliyomzuia kufunga.

Hamad akaisoma karatasi barazani, watu wakinywa kahawa. Kesho yake Mwanapili alipopita na mtungi, Kificho, rafiki wa Hamad, akamwita:

“Shemeji! Zimebaki ngapi?”

Baraza nzima ikacheka. Mwanapili akaharakisha kupita, na jioni akamlalamikia mumewe.

“Mzaha tu, mke wangu,” Hamad alimwambia. “Nawe una makuu!”

Tangu hapo Mwanapili huenda kisimani kwa kupitia mihogoni, kanga usoni. Karatasi aliichoma. Alifunga mafundo saba kwenye kamba ya makumbi ya nazi, akawa anafungua moja kila alipofuturu. Siku zake amekwisha kuzilipa. Hamad bado anadaiwa: kusimama baraza ile ile, mbele ya wanaume wale wale, amtake mkewe radhi.