Siku Niliyomdanganya Sista Mbele ya Mama Mkwe

Hii aibu nimeificha karibu miaka miwili, na hata sasa nikiisimulia nasikia masikio yakichemka, lakini mke wangu Wambui amesema nisipoisema mimi ataisema yeye, na huyo huongeza chumvi.

Nilikuwa nimelazwa hapa Thika na nimonia. Nilikuwa pia nimeharisha na kutapika mpaka maji mwilini yakaisha, basi wakaniwekea dripu na sindano kali za antibayotiki, na kila asubuhi sista anauliza nimekojoa kiasi gani. Swali rahisi, sivyo? Sasa siku ya tatu sista akaniuliza huku mama mkwe ameketi hapo kando, ametoka Ruiru na uji kwa thamosi. Mimi ni Mbukusu (kwetu mkwe hata mkono humpi, mnasalimiana mkiwa mbali), nikaangalia dirisha nikasema, "Niko sawa kabisa, sista. Chupa mbili."

Ukweli ni kwamba tangu jana yake sikuwa nimetoa hata tone.

Sista akaandika, sindano zikaendelea vilevile. Kesho yake mchana, wodi ikiwa imejaa wageni, nikaamka nikiamini niko kazini kwa kiwanda cha sabuni (hapa nasimulia nilivyoambiwa, mimi sikumbuki, na nashukuru), nikapanda juu ya kitanda nikaanza kupanga wagonjwa foleni. "Shifti ya mchana! Helmeti ziko wapi?" Na lile gauni la hospitali, mnalijua, hufungwa kwa nyuma. Langu halikuwa limefungwa. Na nyuma yangu alikuwa nani? Mama mkwe.

Watu wakacheka, mmoja akasema nimerukwa na akili. Mama hakucheka. Alifungua leso yake akanizungushia kiunoni, akamwita sista.

"Huyu si mwendawazimu. Angalia mikono inavyorukaruka. Na hiyo chupa ni kavu tangu juzi. Jana nilimsikia akikudanganya, nikanyamaza nisimwaibishe. Ngai, Mungu wangu, nimekosa."

Daktari akaja mbio, damu ikapimwa. Kumbe figo zilikuwa zimegoma ghafla, na ile dawa ya sindano hutolewa mwilini na figo, kwa hivyo ilikuwa inarundikana tu mpaka ikanipanda kichwani. Wakaisimamisha, wakanipa nyingine kwa kipimo cha figo zangu, na baada ya siku chache akili zikarudi, mkojo nao ukarudi.

Nilipoweza kuongea vizuri nilijifunika shuka mpaka kidevuni nikasema, "Mama, unisamehe kwa yale uliyoyaona."

"Baba Nekesa, mimi nimezaa saba," akasema akimimina uji. "Wewe una nini kipya?"

Siku hizi daktari akiniuliza nasema yote, hata wodi ikiwa imejaa wakwe. Na kila asubuhi nikitoka chooni namshukuru Mungu, halafu namshukuru yule mama.